Upande wa Roho

Jumatatu, 11 Agosti

Bila mimi Kamembe nzima ingetembea uchi. Na nusu ya Bukavu. Hilo liandikwe kwanza.

Leo tena kurekodi. Nimefagia, nimepanga vitambaa, nimepaka cherehani mafuta mpaka inang'aa. Zaina, binti wa dada yangu, amekuja na simu yake na vijiti vyake vya kuisimamishia. Amesomea kutengeneza masomo ya mtandaoni. Sikujua kama kuna shule ya jambo hilo. Kazi yake sasa ni kuwafundisha bamama wa Bweyeye kushona kwa simu. Kule ni kando ya msitu, barabara mbovu, nani atakuja Kamembe kila siku kujifunza kukunja kola? Somo linawafuata nyumbani. Mwalimu ni mimi. Nani mwingine?

Nimeanza na ile ya jenerali niliyemshonea suti gizani, umeme umekatika, nikampima kwa kivuli chake. Zaina akasimamisha simu.

"Mjomba, gizani kivuli kilitoka wapi?"

Akaikata yote. Eti somo moja, jambo moja. Batoto ba siku hizi wanasoma mpaka masikio yanaziba.

Jumanne, 12 Agosti

Nimekasirika. Anataka mikono tu. Uso wangu hautaki. Ameifunga simu kwa kamba darini, inachungulia juu ya bega langu, ili mama wa Bweyeye aone kazi kana kwamba anatazama mikono yake mwenyewe. Nimevaa koti la harusi bure.

Anasema pia kila somo lianze kwa kumwambia mwanafunzi ataweza kufanya nini likiisha. Nikasema: likiisha, atakuwa ananijua mimi. Hakucheka.

Akauliza mbona nashika mkasi kwa mkono huu. Nikamweleza habari za mamba wa mto Rusizi aliyeuma ule mwingine nikiwa kijana. Nilimchoma jicho kwa sindano ya magunia, akaniachia, akaomba msamaha. Hilo nalo hakurekodi. Hasara yao.

Somo la leo: vifungo vya shati la kiume. Nimelimaliza kwa pumzi moja.

Alhamisi, 14 Agosti

Habari kubwa. Maman Devota, kiongozi wa bamama wale, ametuma ujumbe wa sauti. Direkteri, mwalimu mkuu wa shule ya kwao, amewapa kazi ya mashati ya sare ya wavulana. Kabla ya hapo sare zilitoka kwa mfanyabiashara wa huku Kamembe, na bamama walikuwa wanazifua tu. Sharti moja: wamwoneshe kwanza shati la mfano.

Video hazifunguki kwao. Mtandao unakuja na kuondoka kama paka wa jirani. Kwa hiyo Zaina amewatumia sauti peke yake. Uso hawakuuona, sasa na mikono hawaioni. Wanashona kwa sauti yangu tu! Nimewaambia mafundi wote wa mtaa huu: nyinyi mnashona kwa vidole, mimi nashona kwa koo. Wamerudi kwenye cherehani zao kwa wivu.

Jumamosi, 16 Agosti

Aibu. Si yangu.

Direkteri alimvalisha shati mtoto wake mwenyewe mbele ya wazazi. Vifungo vimekaa kike. Matundu yako upande wa vifungo, vifungo upande wa matundu. Maman Devota sauti yake leo ilikuwa kama wembe.

"Papa Shabani, tulifuata mudomo yako neno kwa neno. Sasa mutoto wa direkteri banamuita Mademoiselle, kama mutoto mwanamuke. Hii shemizi ulitufundisha ni ya nani? Ya bibi yako?"

Ijumaa walete jingine. Likikosea tena, kazi inarudi kwa mfanyabiashara. Na kitambaa cha mfano kimebaki cha shati moja.

Nimemjibu kwamba simu inageuza. Kila muntu anajua. Ukijipiga picha, kushoto kunakuwa kulia, kama kioo. Sina kosa.

Jumatatu, 18 Agosti

Zaina amekuja bila salamu ndefu.

"Kioo kinageuza sura, Mjomba. Kinageuza na mdomo?"

Akaniwekea sauti. Ni mimi kabisa. Nasema wazi, kwa ufahari: matundu yakae kulia, vifungo kushoto. Kisha akaniwekea video. Mikono inafanya sawa, matundu kushoto. Mdomo unasema yake. Zaina hakugundua kwa sababu alikuwa anatazama mikono. Bamama walikuwa na mdomo tu.

Nikasema ni msitu wa Nyungwe. Sauti ikipita kwenye miti mirefu inajipinda. Na nyani wanaivuta.

Akatia simu mfukoni. Sipendi akifanya hivyo.

Halafu akasema yuko kijana mmoja wa Kigali, anasoma vizuri, atarekodi sauti badala yangu. Kijana! Hata sindano haijawahi kumchoma. Nikasema basi kesho napanda moto, pikipiki ya abiria, naenda Bweyeye mwenyewe, nawashonea shati hilo mbele ya macho yao.

"Ukienda watapata shati, Mjomba. Somo hawatalipata. Na mashati mengine yote ya shule, utayashona wewe?"

Eti somo zuri linasimama bila mwalimu. Sijawahi kutukanwa hivyo tangu nizaliwe. Mimi nikae Kamembe, shati lijishone Bweyeye kama uchawi!

Nimemwambia: kijana wako abaki Kigali. Sauti ni yangu. Kesho narekodi upya, na nitarekodi ninavyotaka.

Jumanne, 19 Agosti

Nimerekodi ninavyotaka.

Zaina aliniuliza swali moja kwanza: ni wapi kwenye kazi hii fundi hawezi kurudi nyuma? Rahisi. Kukata tundu. Uzi unafumuliwa, lakini tundu ukishalikata limekatwa. Akasema basi kabla ya hapo tuwasimamishe. Hilo nilikubali kwa sababu nilikuwa karibu kulisema mimi.

Akaandika "upande wa kushoto wa mvaaji". Nikaikataa karatasi. Nikasema katika somo langu hakuna kulia wala kushoto. Maneno hayo ni ya askari barabarani. Alishangaa. Sikumweleza.

Nikasema hivi, kwa sauti yangu:

"Maman, leo ukimaliza utaweza kuweka vifungo vya shemizi ya mwanaume, visikae kike. Mvalishe mutoto. Mwambie aweke mukono pale roho yake inadunda. Upande huo ndio unalala juu. Matundu yanakaa huko, upande wa roho. Weka alama ya chaki. Sasa simama! Usishike mkasi. Mwambie mutoto aweke mukono tena. Unagusa chaki? Kama unagusa nguo tupu, futa, anza upya. Kama unagusa chaki, tuma picha, ungoje jibu langu."

Na nikaongeza moja: mwanaume roho yake haijifichi, inakaa juu. Nilingoja Zaina akate. Hakukata. Alisema hiyo inasaidia kukumbuka. Kumbe hadithi zangu zina kazi! Siku nyingi nasema.

Jamani, hili la roho ni uvumbuzi. Kigali watalichukua. Wakilichukua wajue limetoka wapi.

Alhamisi, 21 Agosti

Hakuna picha.

Nimeketi na simu mapajani. Suruali ya mteja nimeipunguza mguu mmoja zaidi ya mwingine. Nimemwambia ndiyo mtindo wa sasa.

Zaina amepiga, hapatikani mtu. Mtandao wa Bweyeye umelala. Kipande cha mwisho cha kitambaa, na jibu langu haliwezi kufika. Watakata au hawatakata? Nilikuwa nimeshamwita kijana wa moto. Nikamrudisha. Kama somo zuri linasimama bila mwalimu, basi lisimame, mimi sitalikimbilia.

Sikula.

Ijumaa, 22 Agosti

Picha haikufika. Shati limefika.

Sauti ya Maman Devota imeingia baada ya swala ya Ijumaa, nyuma yake vigelegele. Walingoja jibu, halikuja. Wakarudia somo, mutoto akaweka mukono, wakagusa chaki. Wakabishana. Wakarudia. Wakakata wenyewe.

"Direkteri ameweka mukono yake ku roho, akaangalia, akacheka. Kazi ni yetu, Papa Shabani! Wewe ulikuwa wapi?"

Nilikuwa wapi. Swali gani hilo.

Zaina alikuwa anafuta macho. Nikamwambia ni vumbi la chaki.

Jumapili, 24 Agosti

Maman Devota ameshuka Kamembe kununua uzi na vifungo. Amepita mbele ya mlango wangu na mfuko kichwani. Mrefu, kilemba cha bluu. Nilimjua kwa sauti, alikuwa anabishana na muuza ndizi. Yeye alinitazama usoni, akaendelea na njia yake. Ataujuaje uso huu?

Nikasema, "Karibu, maman." Hayo tu.

Akasimama kama aliyevutwa na uzi. Tukacheka sana. Nikamletea kiti na chai. Akataka kujua ile ya roho niliitoa wapi. Nikamwambia kwa jenerali mmoja.

Ameondoka. Duka kimya. Mvua inapiga mabati.

Kwa kuwa hapa hasomi muntu, niandike. Mamba hakuwapo. Nimezaliwa mtu wa kushoto. Nikiwa mtoto, mbele ya sinia ya chakula nilinyoosha mkono ule, bibi akauchapa: "Kwa mkono wa kulia!" Na mimi nilikuwa nalia chakula kwa mkono uleule uliochapwa. Sasa wa kulia ni upi? Hakuna aliyenieleza.

Mpaka leo sijui. Muntu akiniuliza njia ya kwenda benki, nageuka kidogo, naingiza mkono ndani ya koti kama anayetafuta kalamu, natafuta roho inadunda wapi, ndipo namjibu.