Ufa kwenye Msindanu

Mahajanga, Jumapili, mwezi wa nane, 1963

Asubuhi ilianza na baridi ya kipupwe, ile inayoondoka kabla chai haijapoa. Kisha upepo ukaleta vumbi hadi kitandani. Nimechoka. Si uchovu wa kazi, maana leo sikwenda maabara. Nimechoka kwa kuulizwa swali lile lile na mtu ninayempenda, bila kuwa na jibu ninaloliamini.

Mdogo wangu Zalifa alikuwa akifanya kazi kisiwani Nosy Be, katika kiwanda cha mafuta ya mlangilangi. Wakati wa mvua zilizopita chupa kubwa ilipasuka karibu naye, na kigae kikamchana chini ya sikio la kulia. Ngozi ilishonwa, ikapona. Uso haukupona. Upande wa kulia umelegea, jicho halifumbi, mdomo umeshuka. Neva ya uso ilikatwa, na kama ncha zake mbili zilikutana tena chini ya ule mshono, hakuna ajuaye.

Nimemleta kwangu, mtaa wa Antanimasaja, ili daktari wa upasuaji wa hospitali yetu amwone. Amependekeza kuikata neva ya ulimi upande huo na kuiunganisha na kile kipande cha neva ya uso kinachokwenda kwenye misuli. Uso utapata uhai wa kuazima. Nusu ya ulimi itakufa. Na kilichobaki cha neva ya uso, kama kilikuwa njiani kurudi, hakitafika tena. Mwisho wa juma daktari huyo anarejea Ufaransa. Kesho anataka jibu.

Zalifa ndiye anayeongoza kaswida katika maulidi ya wanawake kule kisiwani. Nusu ya ulimi si kitu kidogo kwake.

"Wewe ndiye uliyesoma, Dada," aliniambia juzi. "Sema tu. Nitafuata."

Nilichosoma ni hiki. Neva ikikatwa usoni, mbali kabisa na ubongo, habari hufika hadi kwenye shina la ubongo, zilipo seli mama za neva hiyo. Hapo seli ndogo za mikroglia, ambazo kwa kawaida hukaa kimya na matawi yao membamba, huamka. Huongezeka, hujongea, huzizunguka zile seli mama na kuzikumbatia. Walimu wangu waliziita wazoa taka: zikionekana mahali, kuna maiti ya kuondolewa. Kwa elimu hiyo, jibu la Zalifa ni rahisi. Seli zake zimekwisha kuliwa, tukate.

Lakini ninazo slaidi za ubongo wa sungura waliokatwa neva ya uso, nilizozitia rangi ya madini ya fedha mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi, na wiki nzima hii nimekuwa nikizirudia kwenye hadubini. Mikroglia zimezikumbatia seli mama, ndiyo. Ila seli zilizokumbatiwa hazifanani na maiti. Zimevimba, kiini kimesogea pembeni, kama mgonjwa aliyejigeuzia ukutani. Bado ni nzima. Nani hukumbatia hivyo? Mlaji, au muuguzi?

Sijui. Huenda naona muuguzi kwa sababu ninamhitaji.

Na sungura si mdogo wangu.

Leo mchana binamu yetu Echata alikuja kutusaidia kupika. Yeye na Zalifa walikuwa wamejipaka msindanu, ule unga wa mti wa manukato unaosagwa kwa maji juu ya jiwe, nyuso zao za manjano zikiwa zimekauka barabara. Nilikuwa nikipembua mchele nikiwasikiliza.

"Zalifa, mwenzangu," Echata akasema, "upande mmoja uko harusini, mwingine uko matangani. Tukupe pole au hongera?"

"Nialikeni kote kuwili," Zalifa akamjibu, "nile pilau mara mbili."

Wakacheka mpaka sufuria ikasahauliwa, na mimi nikainua uso kuwatazama.

Msindanu ukikauka hauvumilii kicheko. Hupasuka pale ngozi inapokunjika. Shavu la kushoto la Zalifa lilikuwa limejaa nyufa, kama kawaida. La kulia lilikuwa laini, kama kawaida. Ila kwenye pembe ya nje ya jicho la kulia palikuwa na ufa mmoja, mwembamba kama uzi wa kudarizia.

Niliuweka ungo chini.

Tangu aje, kila nilipompima nilimtaka anawe kwanza. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa: uso wa mgonjwa uchunguzwe ukiwa safi. Kwenye uso safi sikuona chochote kikitikisika. Nilikuwa nikiamuru kioshwe kitu pekee chenye wepesi wa kuonyesha mtikisiko mdogo kiasi hicho.

Nilimwomba apake upya. Echata alinipaka na mimi mkononi, juu ya kiwiko, maana msindanu unaweza kupasuka kwa kukauka tu. Tukakaa kimya tukikauka, watu wazima watatu, Echata akijizuia asicheke. Kisha nikamwambia Zalifa afumbe macho kwa nguvu zake zote. La kulia halikufumba. Lakini ufa ulirudi pale pale, na wa pili chini yake. Mkono wangu ulibaki mzima.

"Nini?" akauliza. "Dada, mbona unanitazama hivyo?"

Nikamwambia nilichoona. Hakulia. Aligusa pembe ya jicho kwa kidole, taratibu, kama mtu anayekagua kama chungu kimepoa.

Sasa jua limezama, nami nimerudi kwenye mashaka yangu. Huenda upande wa kushoto, ulio mzima, uliivuta ngozi, ingawa pembe ya nje iko mbali nao. Huenda ni misuli inayotetemeka kwa kunyauka. Jaribio moja, mchana mmoja, uso mmoja. Mwanafunzi akiniletea ushahidi wa namna hii, nitamrudisha akaanze upya. Na nikikosea, daktari atakuwa ameondoka, misuli itazidi kunyauka, na Zalifa atabaki na uso huu kwa ajili ya nyufa mbili na slaidi za sungura.

Lakini neva iliyokufa haiwezi kupasua hata vumbi. Seli mama zikiwa zimeliwa, amri ile ilitoka wapi?

Zalifa amenawa kwa ajili ya sala. Ushahidi wangu wote umeingia kwenye beseni, nami nimeyamwaga maji hayo chini ya mpapai. Asubuhi atapaka tena, tutakaa tena tukauke. Halafu nitakwenda hospitali kumwambia daktari asikate, na sauti yangu, najua, itakuwa ya mtu asiye na hakika.

Ulimi wake na ubaki mzima. Mengine tutayangoja.