Wifi Yako Ameomba Rinda la Mikonos

Mama Shiku,

Wifi yako Tabitha alikuja dukani kwangu Alhamisi. Hakuniuliza hali. Aliinua macho moja kwa moja hadi kwenye ule msumari ambapo rinda lako limening'inia tangu tukuzike, akasema, "Fundi, si unipunguzie hiyo? Ama itakaa tu hapo ikiliwa na mende, na mwenyewe ameshaenda?" Nilikuwa na mkasi mkononi. Namshukuru Mungu niliuweka chini, na tangu ulipokufa sijamshukuru kwa mengi.

Ndiyo, chama chetu cha akina mama kimempa nafasi yako ya safari. Baba Shiku alikuja mkutanoni, akavua kofia, akasema safari isiharibike kwa sababu ya mtu mmoja. Mtu mmoja! Ni wewe huyo, mke wake. Akasema dada yake aende badala yako, na wenzetu wakapiga makofi ya adabu, kama ya kanisani. Mimi mikono yangu niliikalia.

Nakukasirikia na wewe, usidhani umepona. Wazimu huu ulituletea mwenyewe. Ulikuja mbio kutoka sokoni na harufu yako ya vitunguu, ukanisukumia simu usoni na picha za Mikonos, kisiwa cha Ugiriki: nyumba nyeupe pepepe, madirisha ya buluu, vinu vya upepo juu ya kilima, na watu wazima wenye mvi wakicheza hadi jua lichomoze. "Fundi, huku watu hawalali! Sisi tumelala saa tatu maisha yetu yote, na tumepata nini?" Nilikwambia umechanganyikiwa. Wiki hiyohiyo nikawa nimechanganyikiwa pamoja nawe.

Halafu yule Mtume Paulo wako. Wengine wangewaza jinsi ya kuwaambia waume zao kwa mwaka mzima. Wewe uliwaza ukimenya kitunguu kimoja. Si Ugiriki imo kwenye Biblia? Si kuna Korintho, si kuna Thesalonike? Mume gani Mkristo atamkataza mkewe kwenda Korintho? Ikawa ni hija. Pastor akatuita mbele, akatuombea, na wewe ukaziba mdomo kwa leso, mabega yakitikisika. Watu walidhani umeguswa na Roho. Mimi niliyesimama kando yako nilikuwa nimejiuma ulimi.

Na wanawake wa Nakuru watasafirije bila sare? Tukakubaliana: nyeupe, na pindo la buluu kama yale madirisha. Za wengine nilishona wima, zisizo na marinda. Wewe ulitaka marinda mapana. "Nikizunguka nataka izunguke na mimi." Ulipokuja kulipima ulizunguka katikati ya vyerehani, mwili wako wote huo, ukaangusha kopo la vifungo, tukabaki sakafuni tukivitafuta chini ya meza na kucheka hadi jirani yetu kinyozi akaja kuuliza kuna nini. Ulisema kichwa kinakuuma, ni jua tu. Jua! Mwezi wa mvua, Nakuru! Nikaamini, kwa sababu wewe uliposema jambo watu waliamini. Kumbe ilikuwa presha, na siku chache baadaye ikakuangusha palepale kwenye meza yako ya vitunguu.

Nililipiga pasi rinda lile, nikawapelekea nyumbani wakuvishe. Tabitha alilishika kwa ncha za vidole. "Hatuwezi mzika na nguo ya kuenda raha. Watu watasema nini?" Wakakuvisha ile suti ya kijivu uliyokuwa ukiiita suti ya mkutano wa wazazi. Nilikutazama ndani ya sanduku nikajua ungekuwa na uwezo ungeivua. Rinda nikalirudisha msumarini. Sasa nguo iliyokuwa aibu kwa maiti imekuwa halali kwa mawifi.

Nikuambie jambo la mazishi ambalo sijamwambia mtu. Rafiki hana kiti. Hema la mbele ni la familia, la pili la kanisa, la tatu la wageni kutoka mbali. Watu ambao hawakujua unapenda chai bila sukari walikaa mbele wakipepewa. Mimi nilikuwa nyuma na wapakuaji, nikipakua wali. Udongo ulipoanza kuanguka nikalia kwa sauti, na shangazi mmoja wa mume wako akanishika kiwiko: "Wewe nyamaza, utafanya watoto walie." Nikanyamaza. Nikarudi kwenye sufuria. Tangu siku hiyo ninashona yunifomu za watoto wa shule na kumeza machozi, na wateja wakiuona uso umevimba wananiambia nimenenepa.

Lakini kichekesho chako ni hiki. Uongo wako umekuwa kweli. Tabitha alipoingia tu, alianza kuipanga safari upya. Mikonos ikafutwa, ni kisiwa cha walevi. Sasa ni Korintho, maombi ya alfajiri, mafundisho baada ya chakula cha mchana, na kulala saa tatu. Mama Shiku, tunakwenda Ulaya kulala saa tatu! Wenzetu waliokesha nawe wakitazama picha za vile vinu wakaitikia amina. Hakuna aliyetaja jina lako. Nafasi imejazwa, nguo ipo, na wewe ni kama hukuwahi kuwapo.

Jumapili nilisimama mkutanoni. Nikawaambia hatukuwa tunakwenda kwa Paulo. Tulikuwa tunakwenda kucheza, sote tulijua, na aliyetupa ujasiri huo amelala kaburini kule Bahati ndani ya suti asiyoipenda. Baba Shiku aliinamisha kichwa. Tabitha akasema, "Shetani anatumia hata huzuni." Nikamjibu basi aniachie mimi na shetani wangu tupande boti. Mama Njeri, yule mnyonge wetu ambaye huomba ruhusa hata kukohoa, akasema kwa sauti ndogo, "Na mimi." Kwa hiyo ndivyo ilivyoamuliwa: wao watabaki Korintho na mafundisho yao, sisi wawili tutavuka kwenda kisiwani.

Na rinda? Unajua mimi na Tabitha tunatoshana, ndilo jambo pekee tunalofanana. Nilichukua langu mwenyewe, la wima, nikalipiga pasi, nikamfungia kwenye karatasi. Hakutambua kuwa si lako; lako alilishika kwa ncha za vidole na kulitazama juu ya msumari tu, hakulichungua. Alilivaa akajigeuza mbele ya kioo. "Ai, Fundi, ni kama ulinipima!" Nikamwambia ndiyo, vipimo vyako ninavyo. Kwa mara ya kwanza tangu ufe nilicheka, kicheko kibaya, kisicho na ladha.

Lako nimelipunguza jana liniingie mimi. Ulikuwa mpana, mama wewe, kuliko nilivyokumbuka. Sikukata kitambaa hata kidogo. Kilichozidi nimekikunja ndani ya mshono, pande zote mbili, kinanigusa mbavuni.

Sasa naomba kwaheri, kwa maana siku ile hawakuniachia nafasi ya kukuaga. Sikuambii ulale pema. Bado nina hasira na wewe na hasira hiyo nitaibeba hadi ng'ambo. Ila nakuahidi hivi. Nitafika Mikonos. Nitazunguka ndani ya rinda lako mpaka lizunguke lenyewe, mbele ya watu wasionijua. Na jua likichomoza nitaketi chini pale pale nikulilie kwa sauti yangu yote, maana huko hakutakuwa na wa kuniambia ninyamaze.

Mimi, Fundi wako.