Wafula Anataka Kuja Kangundo

Mama mpendwa,

Natumaini magoti yako yamepata nafuu na mvua imefika huko. Niko hapa mtaa wa Tena, katika chumba cha marehemu ndugu yangu Kioko. Baiskeli yake nimeipata nzima, nami nitaiendesha hadi nyumbani Jumamosi ya wiki ijayo.

Lakini jirani yake, Wafula, mfanyakazi wa kiwandani, anang'ang'ania tuende wote, kila mtu na baiskeli yake. Nilimshuku, Mama. Pampu ya Kioko niliikuta kwake. Kila jioni alikuja kujaribu breki na kuuliza njia nitakayopita, mpaka nikaanza kuifunga baiskeli kwa mnyororo kwenye mguu wa kitanda.

Jana alinichorea njia sakafuni kwa chaki.

"Ukishapita Tala, huu mlima wa kwanza utauweza. Wa pili utashuka usukume. Kioko alikuwa anasukuma, halafu anasema eti anaangalia mahindi ya watu!"

"Wewe umefika huko?"

"Bado. Yeye ndiye alinihadithia."

Nikamuuliza wazi: "Bwana, unataka nini na hii baiskeli?"

Aliacha kuchora. "Baiskeli ni yenu, ndugu yangu. Siku mlipomzika, kazini walininyima ruhusa. Mpaka leo sijaona kaburi la rafiki yangu."

Niliona haya, Mama. Tafadhali pika muthokoi wa kututosha sote wawili. Na jioni tukifika, ukijisikia vizuri, umpeleke kaburini wewe mwenyewe.

Mungu akutunze hadi tuonane.

Mwanao, Mutua