Mafuta ya Nazi na Nyaya za Meli

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Watu wengi hukosea hapa: hudhani kila kilichokauka kinataka mafuta. Marahaba, salamu zako zimefika. Mama yako hajambo, na mpunga wa Miono tumeshavuna.

Umeniuliza kama upake mafuta ya nazi nyaya zilizokauka za mota kuukuu ya chuoni. Nilipokuwa fundi umeme kwenye meli kongwe ya doria, mabaharia wenzangu wa pwani walizipaka nyaya kila ukaguzi ulipokaribia, ili zing'ae. Nilipogundua, nilikataa kuwasha umeme.

"Washa, tunaondoka," alisema nahodha.

"Siwashi, afande. Mpira huu unaofunika nyaya umetokana na utomvu wa mti, mafuta huulainisha. Na ndio unaozuia umeme usiingie kwenye chuma cha meli."

Nikabonyeza waya kwa ukucha. Mpira ukabonyea kama halua, shaba ikaonekana.

Nahodha akacheka. "Kumbe tungeungua tukinukia wali wa nazi."

Tulibadilisha nyaya zote zilizolainika, ndipo tukang'oa nanga. Taa ziliwaka safari nzima, nami hadi leo naona fahari kwamba nilikataa.

Leo toa kichupa cha mafuta ya nazi kwenye mkoba wako wa vifaa, na usikirudishe tena.