Nimesema Bujiku Hapatikani

Shangazi Muzdalifa, shikamoo. Nishike mkono kabla sijaharibu zaidi. Naitwa Ng'washi, nina miaka ishirini na saba, nachapa barua za watu kwenye duka la mzee Mashaka hapa Bariadi mjini, na jambo langu linaanza na kompyuta lakini usilitupe, mwisho wake ni moyo.

Miaka mitatu iliyopita alikuja dukani kijana wa kijiji cha Sola aitwaye Bujiku, amemaliza chuo na hana kazi, tukaanza kuandika programu ya kutunza habari za ng'ombe wa kubilisa, maana unajua kwetu Usukumani mwenye mifugo mingi haiweki zizi moja, humpa rafiki wa kijiji kingine amtunzie, yule mtunzaji anakunywa maziwa na ndama wanabaki wa mwenyewe, na wazee wakishafariki ndipo ugomvi unapoanza, ndama yupi ni wa nani. Yeye aliandika sehemu ya uzao, mimi nikaandika majina ya rangi za ng'ombe kwa Kisukuma, tukawa tunacheka mpaka mzee Mashaka anakuja kutufukuza afunge duka, na mimi, Shangazi, nilimpenda na sikusema. Kisha biashara zikafunguliwa, makampuni ya watu binafsi yakawa yanatafuta vijana wa kompyuta, akapata kazi Dar es Salaam. Siku anaondoka aliniambia, "Ng'washi, utunze hiki kitu chetu," basi.

Tangu hapo kila mwezi napanda basi na disketi yangu hadi Mwanza kwenye intaneti, nakuta masahihisho yake, na chini ameongeza neno moja au mawili ya kuniuliza, je, mvua imefika huko, je, yule dume mwekundu wa baba yako bado yupo, nami nayarudia hayo maneno mpaka mwenye mashine ananiambia muda wako umekwisha. Nikirudi Bariadi naanza kuungojea mwezi mwingine. Nimemkumbuka mpaka nachoka.

Sasa programu imependwa, wafugaji wa Nkoma na Maswa wanaitumia, hata watu wa Kenya wameongeza sehemu zao, na kuna taasisi ya ng'ambo inayolea programu zisizouzwa, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzirekebisha, nayo imekubali kuipokea yetu. Tumepewa mlezi wa kutuingiza, anaitwa Athanasi, Mtanzania anayekaa Nairobi. Masharti ni kwamba kila aliyeandika akubali kazi yake iwe ya wote, na kuanzia hapo mazungumzo ya programu yafanyike mahali ambapo kila mtu anayasoma. Nikawaza, Bujiku atauliziaje mvua ya Bariadi mbele ya Wazungu mia? Wenzetu wote wamekubali, nami nilipoulizwa habari za Bujiku, maana anwani yake ninayo mimi tu, nikamjibu Athanasi kwamba hapatikani, nikidhani shughuli itasimama na sisi wawili tutabaki tulivyo. Kumbe Athanasi kanijibu kwa upole, "Pole, dada. Mwandishi asipopatikana, utaratibu ni kufuta kila alichoandika na kukiandika upya. Tutaanza mwezi ujao."

Yaani kazi yake inafutwa kwa uongo wangu, na nikisema kweli nakosa kale kaneno kake ka kila mwezi. Nifanyeje?

Ng'washi, Bariadi

*

Marahaba, Ng'washi. Kompyuta naijua kwa kuifuta vumbi, lakini kungoja nakujua, na kwa hilo nakupa pole ya kweli.

Pole imekwisha, sasa nikugombeze. Mtu yuko hai Dar es Salaam, anakula na kulala, wewe unamtangaza kapotea ili usimgawane na wengine? Alikuachia kitu cha kutunza, na unakaribia kumfuta ndani yake.

Tena uliogopa bure. Nimemuuliza mchapaji wetu hapa gazetini, naye anasema kinachowekwa hadharani ni mazungumzo ya kazi. Hakuna taasisi inayomzuia mtu kumwandikia mwenzake pembeni kuuliza mvua. Unachoogopa ni kwamba kazi ikiwa na watu wengine wa kuizungumzia, Bujiku hatakuwa na sababu ya kukuandikia. Hilo hukuliandika, nimelisoma mwenyewe.

Mimi nimeuza vitenge Maswa miaka mingi, na kubilisa nakujua. Umeifanya programu ng'ombe wa Bujiku aliyeko zizini kwako, ukaamini kwamba ukimtunza vizuri, mwenyewe hana budi kuja. Ni kweli, huja. Anatazama ng'ombe wake, anakunywa maji, anaaga. Mtunzaji akitaka aulizwe habari zake mwenyewe, lazima afungue kinywa.

Usingoje safari yako ya kila mwezi, panda basi kesho. Mwandikie kwanza Athanasi: nilikudanganya, Bujiku yupo, anwani yake ni hii. Usimweleze mapenzi, hayamhusu. Kisha mwandikie Bujiku barua mbili, usizichanganye. Ya kwanza ni ya kazi: mweleze taasisi inataka nini, mwambie ulisema hapatikani, muombe radhi. Ya pili usitaje ng'ombe wala mvua. Mwambie ulichoniambia mimi, na mkono ukitaka kumalizia na "natania tu", inuka kwenye kiti, barua imekwisha, itume.

Ya kwanza ataijibu. Ya pili siwezi kukuahidi, na asipoijibu utalia. Lakini hadi leo Bujiku hajakukataa, mwanangu. Hajaulizwa.