Hatari Ndogo, kwa Nani?

Bi Maisara, shikamoo. Nakujia kwa sababu nimechoka kuzunguka na jambo hili kichwani, nikikaa nasimama, nikisimama natafuta pa kukaa, na mume wangu Ngumbao asema ni mawazo tu yatapita, lakini hayapiti.

Mimi ni mwalimu wa darasa la tano katika shule ya binafsi hapa kisiwani, na shule zilipofunguliwa Januari baada ya korona kutuweka nyumbani miezi na miezi, wazazi walikuwa na hofu, mkuu wa shule akaniomba nizungumze nao kwa vile nafundisha hisabati. Takwimu nilizisoma vizuri, sikuziokota kwenye simu za watu, nikawaeleza kwamba katika watoto maelfu kwa maelfu walioambukizwa, waliofariki ni wachache mno, na wengi wao walikuwa na maradhi mengine. Mama mmoja, Sabira, ambaye mumewe ana duka la vitambaa Makadara, aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, na sisi tunaoishi na wazee?" Nikamjibu, "Mama Aliza, hatari ni ndogo sana. Mlete mtoto." Watu wakashusha pumzi, mkutano ukaisha, nami nikarudi nyumbani najiona nimefanya kazi ya maana.

Aliza akaja shule. Mwezi wa pili akashikwa na mafua, hata homa haikumlaza, kisha dadima wake, ndivyo amwitavyo bibi yake mzaa baba ambaye walikuwa wakilala chumba kimoja kule Kibokoni, akaanza kukohoa, akapelekwa hospitali, akawekwa kwenye oksijeni, ikajulikana kuwa ni korona, na hakurudi. Sijaenda kuhani, Bi Maisara. Nimefika hadi kona ya mtaa wao nikageuka. Nilipokutana na Sabira sokoni alinitazama, kisha akaendelea kuchagua nyanya kama hakuniona.

Juzi Aliza alibaki darasani wenziwe walipotoka kucheza, akaja mezani kwangu akaniuliza polepole, "Mwalimu, ni mimi niliyemuua dadima?" Nikamwambia, "Toka nje ukacheze." Ndilo jibu nililompa. Tangu hapo hanitazami, na hesabu alizokuwa akizimaliza kabla ya wote sasa haziandiki kabisa. Nikimwambia siye, nitakuwa namdanganya? Nikimwambia huenda, si nitamvunja? Na mamake nimwendee kumwambia nini, kwamba takwimu zangu zilikuwa sahihi?

Mejumaa, Makupa

*

Marahaba, mwanangu. Nakuhurumia, lakini nitakugombeza kwanza.

Takwimu zako zilikuwa sahihi. Kosa ni kwamba uliulizwa swali moja ukajibu jingine. Sabira hakukuuliza hatari ya mtoto, alikuuliza hatari ya nyumba yake. Hesabu uliyoshika ilihesabu watoto peke yao, mzee anayelala kitanda cha pili hakuwamo. Umesema hatari ni ndogo; ndogo kwa nani? Mwalimu wa hisabati ndiye wa kwanza kuliuliza hilo. Ungemwambia, "Kwa Aliza ni ndogo, kwa mama mkwe wako ni kubwa, basi walale vyumba mbalimbali, na mtoto akipata mafua asimkaribie." Lingekuchukua muda gani kusema hivyo?

Basi. Sasa usijibebeshe yasiyo yako. Wewe unaamini Aliza ndiye aliyeleta maradhi kwa sababu ndiye aliyetangulia kuugua. Je, alipimwa? Hukuniambia. Babake alikuwa dukani akipokea wateja mchana kutwa, na jamaa bila shaka waliingia na kutoka. Kutangulia kuugua si ushahidi.

Mtoto usimwambie "si wewe" kama mwenye hakika, maana huna, naye atakujua. Mwambie, "Aliza, hakuna ajuaye maradhi yalimfikiaje dadima, na huenda tusijue kamwe. Wewe hukumuua mtu. Kama uliugua, kuugua si kosa. Kuwaza juu ya dadima ilikuwa kazi yetu sisi wakubwa, na mimi sikuifanya vizuri." Atakuuliza tena. Mjibu tena, na usimtoe nje.

Wazazi wa darasa lako waite uwaeleze ile nusu uliyoiacha, kwa maana bado kuna wazee majumbani.

Lakini kabla ya hayo yote, kesho baada ya alasiri nenda Kibokoni. Vaa barakoa, mkae barazani penye hewa. Takwimu ziache nyumbani. Mwambie Sabira, "Uliniuliza juu ya mzee wako, nami sikukujibu. Nisamehe." Usitie "lakini" baada yake. Akinyamaza, nyamaza naye. Akikataa kukukaribisha, usigombane. Ila hata akuzuie mlangoni, usiondoke kabla hujamwambia lile swali alilokuuliza mwanawe. Hasira zake juu yako zaweza kungoja. Mtoto hawezi.