Cheni, Si Belti

Cheptiret,
12 Agosti 1984

Kwako Dada Jebiwott,

Huku mvua ni nyingi na mahindi yametoa nywele. Uliuliza kama ile injini ya pampu ya maji niliyofunga kwenye baiskeli imekubali. Imekubali. Mwanzoni niliweka roli, kigurudumu cha chuma cha kusukuma tairi ya nyuma, lakini kwa matope iliteleza tu. Fundi Mahamud akaniambia, "Weka belti, haina kelele." Nikamwambia belti haitapandisha watu wawili kilima chetu. Nikafunga cheni.

Mtu wa pili ni Mama. Kila Jumatano nampeleka hadi lami, apande gari ya kwenda hospitali Eldoret. Siku ile roli ilipoteleza, alishuka akasema, "Wacha nitembee." Hakumaliza hatua kumi. Aliketi kwa nyasi akalia. Daktari anasema ni figo. Mama alinikataza kukuandikia kwa sababu ya mitihani yako.

Cheni inavuta vizuri. Juzi alipopanda nyuma yangu, injini haikubadilisha sauti hata kidogo. Amekonda hivyo, Dada. Usingoje chuo kifungwe.

Ndugu yako,
Kimaiyo